Je, Wajua? Jua la Maganzo na Saratani ya Ngozi

Je, wajua kuwa mara mbili kila mwaka, karibu na katikati ya Machi na mapema Oktoba, jua la adhuhuri husimama wima juu ya Maganzo? Mji huu mdogo wa Kishapu, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, uko nyuzi tatu na nusu hivi kusini mwa Ikweta, tena kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Kila unapopanda mita 1,000, mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10. Haionekani kwa macho, nayo ndiyo inayoharibu seli za ngozi mwaka baada ya mwaka, hadi baadhi yake zigeuke saratani.

Je, wajua kuwa wingu si kinga? Sehemu kubwa ya mionzi hiyo hupenya wingu jepesi. Mwavuli nao hautoshi peke yake, kwa kuwa mchanga mkavu huirudisha juu takriban asilimia 15 ya mionzi inayoufikia. Anayeuza nyanya kando ya barabara au anayechekecha mchanga wa almasi hupigwa kutoka juu na kutoka chini.

Je, wajua ni nani anayeumizwa zaidi? Ngozi nyeusi ina melanini, inayonyonya mionzi kabla haijafika ndani. Mtu mwenye ualbino hana melanini hiyo, au anayo kidogo mno. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi, wakati Ulaya na Amerika Kaskazini ni mmoja katika 17,000 hadi 20,000.

Je, wajua kuwa mtoto huurithi ualbino kwa baba na mama, wote wawili? Wazazi wanaweza kuwa weusi tii na kila mmoja akawa amebeba kinasaba cha ualbino bila kujua. Kwa wazazi wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye ualbino. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu bado wapo akina mama wanaofukuzwa na waume zao siku ya kutoka wodini. Hakuna laana hapo, na hakuna usaliti.

Mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa Kanda ya Ziwa kuanzia miaka ya 2007 na 2008 yalisikika dunia nzima, na ilikuwa haki yasikike. Shule ya Buhangija mjini Shinyanga ikageuka kimbilio la watoto waliokuwa wakiwindwa. Lakini je, wajua kuwa kinachoongoza kuwaua watu wenye ualbino Tanzania ni saratani ya ngozi? Huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam kwa watu 350 wenye ualbino na kuchapishwa mwaka 1985 ulikuta ngozi imeshaanza kuharibika ndani ya mwaka wa kwanza wa maisha. Yaani mtoto aliyebebwa mgongoni shambani, kichwa wazi, ameshaanza kuumia kabla hajajua kutembea.

Je, wajua inavyoanza? Kwanza panakuwa na baka dogo, kavu, linalokwaruza ukipitisha kidole. Angalia ncha za masikio, mdomo wa chini, kisogo, pua, mgongo wa mkono. Baka hilo halijawa saratani, na likitibiwa hapo kwa kawaida linaisha. Likiachwa, linaweza kuota gamba au uvimbe mgumu, likachimbika, likatoa damu likiguswa na taulo. Kanuni ni hii: kidonda ambacho hakijapona kwa wiki nne si cha kupaka dawa ya dukani tena. Kikiwahiwa, mara nyingi hukatwa kwa ganzi ya sehemu hiyo tu na mgonjwa akarudi nyumbani siku ileile. Kikichelewa, kinakula hadi mfupa, na hapo mgonjwa anahitaji upasuaji mkubwa na tiba ya mionzi.

Na wewe mweusi usipumue bado. Je, wajua kuwa saratani kali ya ngozi iitwayo melanoma, ikimpata mtu mweusi, mara nyingi hujitokeza unyayoni, kiganjani au chini ya kucha, mahali ambapo jua halina kazi? Bob Marley ilimwanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Iligunduliwa mwaka 1977, akafariki tarehe 11 Mei 1981 akiwa na miaka 36. Mstari mweusi unaopanuka kwenye ukucha mmoja, au doa linalokua unyayoni, lipelekwe hospitali hata kama haliumi.

Donda ndugu nalo, au kovu la moto linalopasuka na kufunga miaka nenda rudi, linaweza kugeuka saratani. Wapo wachimbaji wenye donda la namna hiyo kwenye muundi, na wamelizoea.

Kwa wasomaji wa Geita: je, wajua kuwa miamba yenye dhahabu aghalabu huwa pia na aseniki? Vipimo vilivyofanywa katika baadhi ya maeneo ya migodi ya Kanda ya Ziwa vimekuta vyanzo vya maji vyenye aseniki iliyozidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani, yaani miligramu 0.01 kwa lita. Anayeinywa kwa miaka mingi anaweza kuota vijipele vigumu viganjani na nyayoni, na hatimaye saratani. Kuchemsha maji hakuiondoi. Kijiji kinachonywa maji ya karibu na mgodi kina haki ya kudai yapimwe.

Je, wajua kuwa mafuta ya mgando hayazuii jua? Yanang'arisha tu. Yanayozuia ni mafuta maalumu, na aina moja, Kilisun, inatengenezwa hapahapa nchini, Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino, na hugawiwa bure kupitia kliniki. Yapakwe nusu saa kabla ya kutoka, masikio na kisogo visisahauliwe, na yarudiwe kila baada ya saa mbili. Hata hivyo nguo inashinda mafuta: mikono mirefu, kitambaa kizito, kofia yenye ukingo mpana pande zote. Kepu inaacha masikio wazi, na sare ya shule ya kaptula inaacha miguu wazi. Mwalimu mkuu anaweza kubadilisha hilo kesho asubuhi.

Je, wajua pa kumpata mtaalamu? Si lazima awe daktari bingwa. Kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1992, huwafundisha maofisa tabibu magonjwa ya ngozi kwa miaka miwili, kisha wakarudi kuhudumu katika hospitali za kawaida. Kutoka Maganzo anza na zahanati au kituo cha afya, uombe rufaa ya maandishi. Ukifika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Shinyanga, uliza kliniki ya ngozi ni siku gani. Juu yake ipo hospitali ya Bugando, Mwanza, yenye madaktari wa saratani, maabara ya kupima kinyama na tiba ya mionzi. Kwa upande wa Geita ipo pia Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Chato. Chama cha watu wenye ualbino, kilichoanzishwa mwaka 1978, kina viongozi mikoani, nao aghalabu ndio wanaojua kliniki tembezi inapita lini.

Ukikatwa uvimbe, uliza jambo moja kabla ya kuondoka: kinyama kimepelekwa maabara, na majibu nifuate lini? Uvimbe uliokatwa ukatupwa bila kupimwa unaweza kuota tena, na daktari wa pili hatajua alichoanza nacho wa kwanza.

Leo jioni, kwenye mwanga mzuri, mkague mwanao mwenye ualbino nyuma ya masikio na kwenye kisogo. Ukikuta baka linalokwaruza, usisubiri mavuno ya pamba ndipo upate nauli. Mpeleke wiki hii.