Kiti cha useneta Iowa na bei ya mahindi

Mkulima wa mahindi wa Kitale au Ismani anaweza kuuliza: uchaguzi wa seneta huko Iowa, Marekani, unanihusu nini? Unamhusu. Iowa ndilo jimbo linaloongoza Marekani kwa mahindi na nguruwe, na bei ya soko la Chicago huangaliwa na kila mfanyabiashara anayeagiza nafaka kutoka nje.

Seneti ya Marekani ina wajumbe 100, wawili kwa kila jimbo. Iowa yenye watu kama milioni 3 ina kura sawa na California yenye takriban milioni 39. Ndiyo maana wakulima, ambao huko ni wachache, bado wanasikilizwa.

Mwaka 2013 Seneta Tom Harkin, aliyewahi kuongoza Kamati ya Kilimo, alitangaza kuwa hatagombea tena. Chama cha Democratic kilimsimamisha Bruce Braley, mwanasheria. Republican kikamsimamisha Joni Ernst, aliyekulia shambani.

Braley alijikwaa ulimi. Machi 2014 ilitoka video akichangisha fedha kwa mawakili Texas, akiwaonya kuwa chama chake kikishindwa, Kamati ya Sheria huenda ikaongozwa na mkulima wa Iowa ambaye hakusomea sheria. Alimaanisha seneta mwingine wa jimbo hilo, Chuck Grassley. Aliomba radhi, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. (Sisi tuliosomea kilimo darasani tunaijua kasoro hiyo. Huwa tunaongea hivyo wakulima wakiwa hawapo.) Mwezi huohuo Ernst alitoa tangazo la televisheni akisema alikua akihasi nguruwe, kwa hiyo angejua kukata matumizi ya serikali. Novemba 4 alishinda kwa asilimia 52 dhidi ya 44.

Na mahindi je? Mwaka wa ukame wa 2012 bushel moja, yaani kilo 25 hivi, ilipita dola 8. Kufikia Septemba 2014 ilikuwa chini ya dola 4. Sehemu kubwa ya mahindi ya Iowa hutengenezwa ethanol, na sheria ya kuichanganya na petroli ilitetewa na wagombea wote wawili. Kwa hiyo katika jambo lililogusa zaidi mfuko wa mkulima, hakukuwa na tofauti kubwa ya kuchagua. Kelele zilibaki kwenye nguruwe na mawakili.

Mwaka 2020, Ernst akitetea kiti chake, aliulizwa kwenye mdahalo bei ya soya inayomrudishia mkulima gharama zake. Alijibu kama dola 5.50 kwa bushel. Mwuliza swali alimwambia ni dola 10.05. Mpinzani wake, Theresa Greenfield, alipoulizwa kuhusu mahindi alikuwa ametaja bei yake sokoni, kama dola 3.68. Hata hivyo Ernst alishinda.

Mwaka 2025 naye alitangaza kuwa hatagombea 2026, kiti kikawa wazi tena. Mwaka huohuo China, mnunuzi mkubwa kuliko wote wa soya, iliacha kununua ya Marekani kwa miezi kadhaa.