Samaki wa Birika: Mlinzi Mdogo wa Nyumba za Lamu

Watu wengi wasikiapo habari za kufuga samaki ndani ya nyumba hudhani kwamba huo ni mchezo wa watu wa Ulaya na Marekani, wenye matangi ya kioo sebuleni, taa za umeme, na mashine za kuvuvia hewa majini. Hawakosei kabisa, maana katika nchi hizo wako watu wengi sana wafugao samaki kwa kujifurahisha. Lakini mtu atakayeingia katika nyumba ya mawe ya zamani mjini Lamu, akapita daka na kiwanda, akaziacha misana nyuma yake na kufika chooni, ataona jambo la kumfikirisha. Hapo pana birika la maji ya kuogea, limejengwa kwa mawe na kupakwa chokaa. Na ndani ya mabirika kama hayo watu wa Lamu walifuga samaki wadogo tangu zamani. Samaki hao hawakuwekwa ili watazamwe. Waliwekwa wafanye kazi, na kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi vya mbu.

Habari hii yastahili kufikiriwa tena, kwa sababu kisiwa cha Lamu kilionja uchungu wa mbu wa majumbani katika mwaka 2004, kama itakavyoelezwa hapa chini.

BIRIKA NA BAKULI LAKE

Nyumba kubwa za mawe za Lamu, ambazo nyingi ni za karne ya 18, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa, na boriti za mikoko. Uzuri wake na ukale wake ndio ulioufanya mji huo utiwe katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Wageni husifu milango ya nakshi na zidaka za ukutani, nao wana haki ya kusifu. Lakini wachache huinama kutazama chini ya birika.

Anayeinama huona kitu cha ajabu. Katika sakafu ya birika fundi alipachika bakuli la kaure, la namna ile iliyoletwa kwa biashara kutoka Uchina. Mtu aweza kudhani kwamba ni pambo tu, na kweli lapendeza. Lakini lina faida nyingine. Maji ya birika huchotwa kwa kata, mara ya kuoga, mara ya kutawadha, nayo hupungua siku kwa siku mpaka sakafu ikaonekana. Hapo samaki wangekufa wote. Bakuli lile huwawekea akiba: maji yote yakiisha, yaliyomo bakulini husalia, na samaki hukusanyika humo wakingoja birika lijazwe tena.

Ni jambo dogo, lakini lafundisha kanuni kubwa ya ufugaji. Mfugaji mwema hafikirii siku za neema tu. Huwaza kwanza siku ya upungufu, akawawekea wanyama wake mahali pa kuokokea.

ADUI ALIYE MAJINI

Mnamo tarehe 20 Agosti, 1897, daktari Ronald Ross, aliyekuwa akifanya kazi Bara Hindi, aliona vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Tangu siku hizo wataalamu walianza kuelewa kwamba mbu huchukua maradhi kutoka mtu hata mtu. Na mbu wote, wa namna yo yote, huanzia majini. Jike hutaga mayai. Mayai huangua viluwiluwi. Viluwiluwi hugeuka, kisha mbu kamili huruka. Katika nchi za joto kama Pwani, safari hiyo yote yaweza kumalizika kwa siku saba au kumi hivi.

Kiluwiluwi hana mabawa wala hawezi kutoka majini. Hapo ndipo aliposhikika. Mbu mmoja akiruka, nani atamfukuza chumba kwa chumba? Lakini viluwiluwi mia moja birikani ni chakula cha samaki wachache tu.

Yafaa kukumbuka kwamba mbu si wa namna moja. Mbu aenezaye malaria hupenda zaidi madimbwi, mabwawa na vinamasi, naye huuma usiku. Mbu mwingine, aitwaye na wataalamu Aedes aegypti, mweusi mwenye mabaka meupe miguuni, amezoea kukaa na watu. Hutaga katika mapipa, mitungi, makopo, na mabirika, tena huuma mchana. Chandarua cha kitandani, ambacho ni ngao njema ya usiku, hakiwezi kumzuia mbu amwumaye mtu akiwa dukani au jikoni saa nne ya asubuhi.

MWAKA 2004

Katikati ya mwaka 2004 watu wa kisiwa cha Lamu walianza kushikwa na homa kali na maumivu makubwa ya viungo. Wengine hawakuweza kusimama wima wala kushika kitu mkononi. Maradhi hayo yalikuwa chikungunya. Jina lake limetoka katika Kimakonde, nalo lina maana ya kukunjika au kupindika, kwa kuwa mgonjwa hupindwa na maumivu. Ugonjwa huo ulitambuliwa mara ya kwanza upande wa Newala, katika Tanganyika ya kusini, wakati wa mlipuko wa miaka ya 1952 na 1953. Na madaktari Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliandika habari zake mwaka 1955.

Mwezi wa Oktoba 2004 damu za watu wa Lamu zilipimwa. Ilionekana kwamba watu watatu katika kila wanne walikuwa wamepata maradhi hayo. Yaani, kwa kukadiria, watu 13,500 katika kisiwa chenye watu 18,000 hivi. Mwaka uliofuata maradhi yalifika visiwa vya Ngazija, kisha kisiwa cha Réunion, ambako karibu theluthi moja ya watu wote waliugua mpaka mwaka 2006. Baadaye yakavuka mpaka Bara Hindi.

Wataalamu waliochunguza chanzo chake waliona jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Kwa desturi watu husema kwamba mbu huja na mvua. Lakini mlipuko wa Lamu ulitanguliwa na siku za ukavu na joto lisilo la kawaida. Maji yalipokuwa haba, watu waliyaweka majumbani, na vyombo vya maji havikubadilishwa maji mara kwa mara. Hivyo ukame wenyewe ulimjengea mbu makao ndani ya nyumba.

Tena mayai ya mbu huyo yana ujanja wake. Hushikamana na ukuta wa chombo juu kidogo ya maji, na yaweza kukaa makavu kwa miezi mingi bila kufa. Siku chombo kijazwapo, huanguka viluwiluwi. Kwa hiyo birika lililokauka halikusafika kwa kukauka tu. Yafaa kuta zake zisuguliwe. Na msomaji sasa ataiona vizuri zaidi hekima ya bakuli la kaure: maji yarudipo na mayai ya mbu yaanguapo, samaki yuko tayari pale pale, hana haja ya kutafutwa.

Hapana mtu awezaye kusema kwamba samaki peke yao wangaliuzuia ugonjwa wa mwaka 2004. Mapipa na makopo ni mengi kuliko mabirika. Lakini kila birika lenye samaki ni chombo kimoja kilichotolewa mikononi mwa adui.

NAMNA YA KUWAFUGA NA KUWAZALISHA

Samaki mdogo anayefugwa majumbani katika nchi nyingi za dunia ni gapi. Asili yake ni Trinidad na nchi za jirani huko Amerika ya Kusini. Jina lake latokana na Robert John Lechmere Guppy, aliyepeleka samaki hao London kutoka Trinidad katika karne ya 19. Gapi hula viluwiluwi, huvumilia joto, na hupatana na maji yenye chokaa, hata yenye chumvi kidogo. Kwa sababu hiyo hawasumbuliwi sana na maji ya visima vya pwani.

Gapi hatagi mayai. Huzaa watoto walio hai, kila baada ya majuma manne hivi, na jike akishapandwa mara moja aweza kuzaa mara kadhaa bila dume. Mfugaji aanzaye na samaki watano au sita aweza kuwa na wengi kabla ya mwaka kwisha. Hata hivyo wanaoanza ufugaji huu hukutana na masikitiko yale yale, na ni vema kuyajua mapema.

Kwanza, wazazi hula watoto wao. Mtu huona asubuhi vitoto ishirini, na jioni haoni hata kimoja. Dawa yake ni kuweka majani ya majini yaliyosongamana, watoto wapate kujificha, au kumtenga jike katika chombo kingine akaribiapo kuzaa.

Pili, wafugaji wapya huwapa samaki chakula kingi mno kwa huruma. Chakula kisicholiwa huoza, maji huchafuka, na samaki hufa. Samaki wa birikani asishibishwe makombo ya wali. Akishiba hayo, viluwiluwi atawaachia nani?

Tatu, wengine humwaga maji yote siku moja na kutia mapya. Mabadiliko ya ghafula huua. Ni afadhali kupunguza sehemu na kuongeza sehemu. Maji ya bomba yaliyotiwa dawa ya klorini yaachwe wazi yatulie siku nzima au zaidi kabla ya kutiwa samaki. Sabuni isiingie birikani kamwe, na mtu aoge kwa kuchota pembeni. Birika lililopakwa chokaa mpya lijazwe na kumwagwa mara nyingi kwanza, kwa kuwa ukali wa chokaa huunguza samaki.

SAMAKI WA PWANI WASIFIWAO UGENINI

Si samaki wa kigeni tu wafaao kazi hii. Katika madimbwi ya mvua ya Pwani ya Afrika ya Mashariki wako samaki wadogo wa jamii ya Nothobranchius, ambao madume yao yana rangi nzuri mno. Mmoja wao, Nothobranchius guentheri, alielezwa na mtaalamu Pfeffer mwaka 1893, na nyumbani kwake ni kisiwa cha Unguja. Mwaka 1941 mtaalamu F. L. Vanderplank aliandika katika jarida la madaktari wa Afrika ya Mashariki kwamba jamii hiyo ni samaki wa asili wanaofaa kupigana na malaria.

Maisha ya samaki hao ni ya ajabu. Mvua ikinyesha huanguliwa, hukomaa kwa majuma machache, hutaga mayai katika tope, kisha dimbwi likikauka hufa wote. Mayai hubaki udongoni yakingoja mvua nyingine. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wameiga jambo hilo ndani ya nyumba zao. Huweka mboji chini ya tangi, samaki hutaga humo, kisha mboji hukamuliwa na kuhifadhiwa ikiwa na unyevu kwa muda wa miezi mitatu hivi. Baadaye humwagiwa maji, na vitoto huonekana vikiogelea. Wako watu waliopelekewa mayai hayo kwa posta katika bahasha, wakapata samaki wa Unguja katika nchi ya theluji. Kumbe dimbwi ambalo mkulima hulipita akienda shambani ni hazina ambayo mgeni huigharimia fedha.

HADHARI

Samaki wa kigeni afugwaye nyumbani asimwagwe mtoni wala dimbwini. Gambusia, samaki wa Amerika aliyesambazwa katika nchi nyingi ili ale viluwiluwi, amewadhuru samaki wa asili mahali pengi kwa kula mayai na watoto wao. Mwenye samaki waliozidi awape jirani mwenye birika.

Kadhalika, maji ya kunywa yasichanganywe na ya samaki. Maji ya kunywa yawekwe katika mtungi au tangi lenye kifuniko kinachobana. Vyombo vidogo visivyoweza kufuga samaki vimwagwe na kusuguliwa ndani kila juma, na makopo matupu na vifuu vya nazi vizikwe au vifunikwe visishike maji ya mvua.

Siku hizi nyumba nyingi zina mifereji na matangi ya plastiki, na birika la mawe limekuwa kitu cha kuonyeshwa wageni. Mabadiliko hayo si mabaya. Lakini mfereji ukikatika siku tatu, ndoo na mapipa hujazwa, na mbu hurudi katika kazi yake ya zamani. Mwenye nyumba aliye na birika angali anayo silaha ambayo haihitaji mafuta wala umeme, wala haichoki usiku na mchana. Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Samaki mdogo wa birikani ni mgeni wa namna hiyo: apewe maji kidogo ya kukaa, naye atailinda nyumba.