Kabla ya kununua ordinatere ingine, tutafute intaneti inakwama wapi



Katika nyumba na vikundi vyetu vingi kuko ordinatere moja ya zamani, iliyonunuliwa okazio. Mtoto anaitumia kwa kazi ya shule, na mwandishi wa kikundi anaitumia kwa kutuma ripoti. Siku intaneti inapoanza kujikokota, mtu anasema mara moja: « Mashine imekwisha, tutafute ingine. » Tusifungue sanduku la kikundi mbio hivyo! Feza ile tuliiweka kidogo kidogo.

Intaneti ni kama maji ya bomba. Inaweza kupunguka kwenye chanzo, njiani, ao kwenye robine. Tupime fasi zote tatu.

1. Chanzo. Wengi wetu tunapata intaneti kwa telefone, kisha tunaigawia ordinatere kwa wifi. Fungueni ukurasa uleule kwenye telefone yenyewe. Kama hata pale inakawia, ordinatere haina kosa. Angalieni mega zilizobaki, wekeni telefone karibu na dirisha, ao mujaribu asubuhi mapema, wakati watu wengi hawajaingia kwenye rezo.

2. Njia. Kama telefone inakwenda mbio lakini ordinatere inakawia, ziunganisheni kwa kabulo ya USB. Kwenye telefone, chagueni « partage de connexion », kisha « USB ». Mwendo ukirudi, mujue kwamba kasoro iko kwenye wifi. Kama kabulo haiko, telefone na ordinatere zikae meza moja, kwa sababu ukuta na mabati vinapunguza nguvu ya wifi. Tena wifi ina njia mbalimbali: ya 5 GHz ni ya mbio lakini haifiki mbali; ya 2,4 GHz inafika mbali zaidi. Ordinatere nyingi za zamani hazioni ile ya 5 GHz hata kidogo, basi chagueni 2,4 kwenye telefone. Na umeme ukiwako, ichomekeni: ikitumia betri peke yake, inaweza kupunguza nguvu ya wifi ili betri isiishe upesi.

3. Robine. Kama hata kwa kabulo inakawia, tazameni ndani ya ordinatere. Windows inashusha « mises à jour » bila kuuliza mtu, na mega zinaisha. Ingieni « Paramètres », kisha « Réseau et Internet », fungueni wifi ao kabulo munayotumia, na muwashe « connexion limitée ». Siku mutakapofika penye intaneti nzuri, zimeni ile alama na muache mashine ijitengeneze, maana mises à jour zinailinda. Fungeni pia kurasa ambazo hamutumii. Mashine yenye giga 2 za memoire inachoka upesi. Na musifunge kifuniko tu kila siku: mara kwa mara fanyeni « redémarrer ».

Ikionekana ni wifi ya ndani tu iliyokufa, kile kidogo cha wifi kinachochomekwa kwenye USB kinaweza kutosha, na bei yake ni ndogo sana kuliko ya mashine.

Basi fundi akisema ordinatere ni ya kutupa, mumuulize kwanza: « Umeipima kwa kabulo? » Na vipimo hivi tuvifanye mbele ya wote siku ya mkutano, mabinti zetu wakishika kabulo wao wenyewe. Hapo kila mmoja atajua sababu kabla sanduku halijafunguliwa.