Mtoto wa Darasa la Kwanza asikilizwe akisoma peke yake

Muhula unapomalizika, mzazi hupokea ripoti ya mwanawe kutoka shuleni. Humo huandikwa alama za kila somo na, aghalabu, nafasi aliyoshika mtoto miongoni mwa wenzake. Mzazi akiona mwanawe amekuwa wa 20 kati ya wanafunzi 90, humshukuru Mwenyezi Mungu na kuiweka ripoti kabatini. Hata hivyo, swali moja hubaki bila jibu: mtoto huyu akipewa ukurasa ambao hajapata kuuona, je, atausoma? Nafasi ya 20 haituelezi kama anajua kusoma, wala haituelezi kama wale 19 waliomtangulia wanajua.

Swali hili si dogo. Hapa Tanzania, mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili uliotolewa mwaka 2015 ulielekeza sehemu kubwa ya muda wa masomo kwenye KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Kuanzia Darasa la Tatu masomo huongezeka, na kila somo huchukulia kwamba mtoto tayari anasoma. Asiyejua kusoma wakati huo hafeli Kiswahili peke yake. Hufeli sayansi, na hufeli hata hesabu za mafumbo ambazo angeziweza lau angesomewa. Kisha huitwa mzito wa kuelewa, ilhali alichokosa ni ufunguo wa mlango.

Sauti ya wengi humficha mmoja

Katika darasa lenye watoto wengi, mwalimu huonesha silabi ubaoni na darasa zima huitikia: ba, be, bi, bo, bu. Sauti hupaa, na msikilizaji hudhani wote wanasoma. Kumbe wapo wanaofuata midomo ya wenzao, na wapo waliokwisha kuuhifadhi ukurasa kwa masikio.

Jambo hili tunalijua vyema madrasani. Mtoto husoma Suratul Ikhlas bila kukosea, lakini kidole chake kimekwisha kuhamia mstari mwingine. Ustadhi mzoefu hamkemei, humwekea kijiti katikati ya aya na kumwambia, "Soma hapa." Hapo ndipo hubainika anayesoma na aliyehifadhi. Kuhifadhi ni neema kubwa, wala hatuibezi. Ila si badala ya kusoma.

Wapokezi wa sira wanatueleza kwamba baada ya vita vya Badr, baadhi ya mateka wa Makka waliojua kuandika walijikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Madina, kila mateka watoto kumi. Tuzingatie sharti lake: mateka aliachiwa huru watoto walipokuwa wameimudu elimu hiyo. Kilichotazamwa ni kile ambacho watoto walikiweza, wala si wingi wa siku ambazo mwalimu alikaa mbele yao.

Wataalamu hupima nini?

Kipimo kinachotumika katika nchi nyingi hujulikana kwa kifupi chake, EGRA. Kilitayarishwa mwaka 2006 na taasisi ya RTI ya Marekani. Mtoto huketi na msikilizaji mmoja, hana kalamu wala karatasi ya majibu. Hutaja sauti za herufi, husoma maneno ya kubuni ambayo hawezi kuwa ameyahifadhi, husoma habari fupi kwa sauti, kisha huulizwa maswali kuhusu habari hiyo.

Katika Afrika Mashariki, Uwezo nao walipita nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda kuwasikiliza watoto wakisoma. Walibaini kuwa wengi wa watoto wa Darasa la Tatu hawakuweza kusoma hadithi ya kiwango cha Darasa la Pili. Watoto hao walikuwa wakienda shule.

Yapo mambo mawili mazazi ayazingatie. Kwanza, Kiswahili husomeka karibu kama kinavyoandikwa, hivyo mtoto aliyeshika sauti na silabi anaweza kusoma hata neno asilolijua. Pili, maneno yetu ni marefu: "hatukuwasikiliza" ni neno moja, na Mwingereza angehitaji maneno kadhaa kulisema. Kwa hiyo, kasi ya mtoto anayesoma Kiingereza isifanywe kipimo cha mtoto anayesoma Kiswahili.

Jinsi ya kumsikiliza nyumbani

Mzazi hahitaji cheti ili aifanye kazi hii. Dakika kumi zatosha, mahali patulivu, bila televisheni na bila ndugu zake kuchungulia.

Kwanza, mwandikie herufi kumi zilizochanganywa, asizisome kwa mpangilio aliouzoea. Siku hizi shuleni mtoto huanza na sauti ya herufi. Basi mzazi asimvuruge kwa kumlazimisha majina yake. Pili, mwandikie silabi, zikiwamo mba, nda, nya, mwa na ng'o. Tatu, mpe maneno yasiyo na maana, kama vile lofi, mepu na sekudo. Nne, mwandikie habari fupi mpya, kwa mfano: "Asha alikwenda kisimani. Ndoo yake ilikuwa na tundu. Alifika nyumbani na maji kidogo." Kisha muulize: kwa nini maji yalikuwa kidogo?

Anayeshindwa herufi arudishwe kwenye herufi, hata kama wenzake wamefika mbali. Anayezijua herufi lakini hawezi kuziunganisha, afanye mazoezi ya silabi kila siku. Anayeisoma habari yote lakini hajui kisa cha maji kupungua, huyo anatamka tu. Asimuliwe hadithi na aulizwe maswali. Anayekisogeza kitabu karibu na pua apelekwe hospitali akapimwe macho kabla ya kuitwa mvivu.

Andika katika daftari tarehe, alichoweza na alipokwama. Rudia baada ya wiki sita. Usimlinganishe na binamu yake, usiyatangaze makosa yake mbele ya wageni, na usishike fimbo. Mtoto aliyeaibishwa hujifunza kuficha, na anayeficha hapimiki. Matokeo yakikutia hofu, nenda kwa mwalimu kwa heshima na daftari lako mkononi. Mwenye watoto 90 darasani hapati nafasi ya kumsikiliza kila mmoja kila siku, na atashukuru kuletewa taarifa.

Msikiti na madrasa vina nafasi

Katika kamati zetu za misikiti huwa tunajadili zulia, vipaza sauti na paa linalovuja, na yote hayo yana haki yake. Tunapendekeza ajenda moja iongezwe. Tuseme madrasa ina watoto 60 wa Darasa la Kwanza. Kila mmoja akisikilizwa kwa dakika tano, kazi yote ni saa tano. Yaani saa moja baada ya Alasiri kwa siku tano, watoto 12 kila siku. Vijana na mabinti zetu waliomaliza kidato cha nne wapo mitaani, wanaweza kuifanya kazi hii chini ya usimamizi wa ustadhi au ustadha. Watoto watakaoonekana kukwama wakusanywe katika vikundi vidogo, kila kundi kwa kiwango chake, bila kutajwa majina mimbarini.

Wazee wetu walimsema mtu asiyejua kusoma kabisa kwamba hajui alifu kwa kijiti. Kijiti hicho kilishikwa na mwalimu aliyeketi na mwanafunzi mmoja mmoja. Ndugu wazazi na walezi, kabla ya shule kufunguliwa, kila mmoja wetu na aketi na mwanawe wa Darasa la Kwanza, amfungulie ukurasa mpya, kisha anyamaze na kumsikiliza. Mwenyezi Mungu awazidishie watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.