Kukatika, Kutengwa na Kuzimika: Istilahi za Hitilafu ya Umeme Ndegeni

Wakazi wa Korogwe na Handeni hawahitaji mwalimu wa sarufi awafafanulie tofauti ya *umeme umekatika* na *umeme umekatwa*. Mti ukiangukia waya, umeme hukatika. Fundi akizima njia ili abadilishe nguzo, umeme hukatwa. Kauli ya kutendeka haimtafuti mtenda. Kauli ya kutendwa inadokeza kuwa pana mkono wa mtu.

Mfasiri wa taarifa za ndege hana budi kuizingatia tofauti hii. Kituo cha umeme wa maji cha Hale, wilayani Korogwe, kilichoanza kazi mwaka 1964, humfikia mtumiaji kwa waya, na waya huweza kukatika. Ndege iliyo angani haina waya wa namna hiyo. Hubeba jenereta zake, zizungushwazo na injini, pamoja na betri za akiba. Kwa hiyo kusema tu kwamba umeme wa ndege "umekatika" ni kuacha habari yenyewe bila kuelezwa.

Tuchukue mfano wa ndege ya shirika la Air Illinois, iliyoanguka Marekani tarehe 11 Oktoba 1983. Mara baada ya kuruka, jenereta ya kushoto *iliharibika*. Wachunguzi walieleza kuwa rubani msaidizi, kwa kukosea, aliitenga ile ya kulia iliyokuwa nzima. Nayo haikuweza kurudishwa kazini. Rubani aliendelea na safari kwa kutegemea betri, nazo *zikaisha* kabla ya kufika. Watu wote 10 waliokuwamo walikufa.

Katika tukio hilo moja mna mambo matatu: jenereta moja *kuharibika*, nyingine *kutengwa*, na betri *kuisha*. Aandikaye "umeme ulikatika" huficha kosa la binadamu, na aandikaye "umeme ulikatwa" huficha ubovu wa mtambo. Tena, asemaye "ndege ilizimika" hupotosha kabisa, maana msomaji atadhani kuwa injini ndizo zilizosimama.

Kwa hiyo tunapendekeza *kukosekana kwa umeme ndegeni* liwe jina la jumla la hali hiyo, *kuzimika* kuachiwe injini na taa, na kila chanzo kitajwe kwa kitenzi chake. Walimu nao waweza kuutumia mfano huu wanapofundisha kauli za vitenzi, kwani kiambishi kimoja chatosha kubadili jibu la swali la nani au nini kilichosababisha ajali.