Mkongwe au Chipukizi: Pointi Unazinunua kwa Bei Gani?

Fantasy Premier League haina kiingilio. Anayeicheza Bunia, awe Mudzipela au Nyakasanza, analipia mega za simu tu. Hata hivyo bajeti yake inabana: unapewa milioni 100 za mchezo, ununue wachezaji 15, wasizidi watatu wa klabu moja. Ukigawanya sawasawa, kila mtu ni karibu 6.7. Ndiyo maana wiki ikielekea mwisho mabishano huwa yale yale: nimuuze mzee huyu wa 12 nichukue kijana wa 5, au nimshikilie?

Mimi nashika upande mmoja. Ukubwa wa jina na uzuri wa ahadi havikuletei kitu. Kinachonunuliwa hapa ni dakika za uwanjani.

Sababu iko kwenye kanuni. Mchezaji akifikisha dakika 60 anapata pointi 2. Akiingia dakika ya 75 anapata 1. Mwenye kuanza mechi zote 38 na kucheza saa nzima au zaidi ana pointi 76 kabla hajafunga bao lolote. Chipukizi anayeingizwa mwishoni kila wiki atakomea 38, hata kama magazeti yanamwita mfalme wa kesho.

Na kesho hiyo humu haiuzwi. Michezo ya namna hii ilitokana na baseball ya Marekani, ambako mwaka 1980 Daniel Okrent na rafiki zake walianzisha Rotisserie League, wakaipa jina la mgahawa wa New York walikokuwa wakila pamoja. Katika ligi nyingi za baseball unaruhusiwa kubaki na mchezaji msimu hadi msimu, hivyo kumtoa nyota wa miaka 34 ili upate kijana wa miaka 19 ni biashara inayoeleweka: unamlea, miaka mitatu baadaye anakulipa. Kwetu, kila Agosti vikosi vyote vinafutwa na bei zinapangwa upya. Kijana uliyemvumilia tangu Januari hatakudai wala hatakulipa.

Tazama msimu wa 2024/25. Mohamed Salah alianza kwa 12.5, akamaliza na mabao 29, pasi za mabao 18 na pointi 344, rekodi ya mchezo huu. Chris Wood wa Nottingham Forest, aliyetimiza miaka 33 katikati ya msimu, alianza kwa 6.0 akaleta pointi 200. Yoane Wissa wetu wa Leopards, wakati huo Brentford, naye alianza kwa 6.0: mabao 19, pointi 185. Erling Haaland aliuzwa 15.0, akaleta 181.

Kwa kila milioni moja, Wood alitoa pointi 33, Wissa karibu 31, Salah 27 na nusu, Haaland 12. Wood na Wissa pamoja ni 12.0 na pointi 385. Salah peke yake 12.5 na pointi 344. Mtu ataona hesabu imekwisha, lakini imebaki ya nahodha. Pointi za nahodha zinazidishwa mara mbili, na ni mtu mmoja tu kwa wiki. Aliyempa Salah unahodha wiki zote 38 alivuna 688 kutoka nafasi moja. Kwa hiyo mkongwe wa bei kali analipa ikiwa tu utamvalisha kitambaa karibu kila wiki. Kununua wawili wa namna hiyo huku mmoja akikosa unahodha ni kutupa fedha. Tena bei hufuata sifa za jana: baada ya rekodi ile Salah alipandishwa hadi 14.5, na kufikia mwisho wa Novemba 2025 alikuwa benchi.

Chipukizi wana mfano mzuri na mfano mchungu. Mzuri ni Cole Palmer, 2023/24: alianza kwa 5.0, akamaliza na mabao 22 na pointi 244, yaani karibu 49 kwa milioni. Mchungu ni Evan Ferguson wa Brighton, mwaka huo huo. Akiwa na miaka 18 aliifunga Newcastle mabao matatu tarehe 2 Septemba 2023, watu wakamkimbilia. Msimu mzima wa ligi aliishia na mabao sita. Ukiwatazama kwa umri hutaona tofauti yao. Palmer alianza mechi karibu kila wiki na akakabidhiwa penalti, ya kwanza akiifunga Burnley tarehe 7 Oktoba. Aliyengoja hadi hapo ndipo amnunue, bado alimpata kwa bei iliyokaribia 5.0. Kungoja hakukumgharimu kitu.

Kubadilisha kuna gharama, na wengi hawaipigii hesabu. Kila wiki unapata badiliko moja la bure, unaweza kuweka akiba hadi matano. Linalozidi hapo linakukata pointi 4. Ukiuza, nusu ya faida inabaki kwa mchezo: ulinunua kwa 6.0, sasa yuko 6.6, utapewa 6.3, na ukimtaka tena utalipa 6.6. Basi usimtupe mkongwe mwenye faida kwa sababu ya Jumamosi moja mbaya.

Dirisha linafungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza. Ikichezwa Jumamosi saa sita na nusu mchana wa London, Bunia mwisho wetu ni saa sita mchana, na saa saba Uingereza ikirudi kwenye saa za majira ya baridi. Umeme na mtandao vyetu tunavijua. Maliza kazi asubuhi.

Limebaki suala la Axel Tuanzebe. Alizaliwa hapa Bunia mwaka 1997, akakulia Rochdale, akapitia Manchester United, na mwaka 2025 akasajiliwa Burnley iliyopanda daraja. Nawaelewa wanaotaka jina lake kikosini, hata mimi namtaka. Ila beki wa timu inayofungwa mara kwa mara hukosa zile pointi 4 za kutoruhusu bao. Tangu 2025/26 kuna pointi 2 kwa beki anayefikisha vitendo 10 vya ulinzi katika mechi, kama kukaba, kuzuia mashuti na kuondosha mipira, na timu inayoshambuliwa humpa beki wake kazi hiyo kwa wingi. Akiwa anaanza mechi, mchukue awe beki wa tano, wa benchi, mwenye bei ya chini kuliko wote ulionao. Akiwa haanzi, nafasi hiyo mpe mwingine.