Heliamu na Usakaji wa Tundu Lisiloonekana

Makala haya yanafafanua jinsi tundu lisiloonekana kwa macho linavyosakwa katika chombo cha ombwe, yaani chombo kilichoondolewa hewa.

Heliamu hutumiwa kwa sababu tatu. Kwanza, atomu zake ni ndogo mno. Pili, haiungani na kemikali nyingine. Tatu, ni adimu hewani, takribani sehemu 5 katika kila milioni. Ikipatikana chomboni, yaelekea imepenya tunduni.

Fundi huondoa hewa kwa pampu, kisha hupuliza heliamu kwenye viungio kwa nje. Inayopenya huvutwa hadi kwenye kigunduzi. Humo atomu hutiwa chaji ya umeme, na sumaku huipinda njia yake kulingana na uzito. Zenye uzito wa 4 pekee ndizo hukifikia kipokezi.

Kigunduzi hiki kilibuniwa Marekani katika miaka ya 1940, Alfred Nier akiwa miongoni mwa waasisi wake, kwa ajili ya kiwanda cha urani cha Oak Ridge. Unyevu wa hewa ungepenya humo, ungeiharibu gesi ya urani. Ajabu ni kwamba mbinu iliyolelewa na bomu la atomu leo hukagua vidhibiti mapigo ya moyo, kabla havijapandikizwa vifuani mwa wagonjwa.